Neno "Mshawishi" na Aina za Washawishi wa Mitandaoni

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wetu siku hizi ni ile ya mtu ambaye, kwa kutumia mitandao ya kijamii kama vile Facebook, Instagram, YouTube na TikTok, amejipatia watazamaji wengi kiasi kwamba maneno yake na mwenendo wake huwavuta watu kununua, kuvaa, kula, kupiga kura au kuamini jambo fulani. Neno linalotumika sana kumtaja mtu huyo ni "mshawishi", nalo limekwisha kuenea katika magazeti, katika redio na hata katika barua za ofisi. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo, kueleza aina za watu wanaotajwa kwalo pamoja na huduma wanazozitoa, kisha kupendekeza maneno yatakayowasaidia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kuwatenganisha watu hao.

Haja ya kuwatenganisha haiwahusu wanaisimu peke yao. Mzazi anayetazama video inayosifu unga fulani wa lishe ya watoto anahitaji kujua kama msemaji ni mtaalamu wa lishe, ni mzazi mwenzake, au ni mtu aliyelipwa na mwenye kiwanda. Iwapo wote watatu wanaitwa washawishi, basi lugha haikumsaidia kitu mzazi huyo. Hali kadhalika, ofisa anayeandika tangazo kwamba "washawishi wote wa mitandaoni wajiandikishe" hana budi kujua kama anamwita mwalimu wa kemia anayefundisha bure jioni, au mwenye duka anayeuza vipodozi, au wote wawili.

1. Asili ya dhana

Ijapokuwa mitandao yenyewe ni mipya, dhana tunayoizungumzia imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walichunguza jinsi wakazi wa wilaya ya Erie, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walivyoamua nani wa kumpigia kura ya urais. Matokeo yalichapishwa mwaka 1944. Wataalamu hao waliona kwamba redio na magazeti hayakuwa na nguvu kubwa kama ilivyodhaniwa. Wapiga kura wengi walielekea kuwasikiliza zaidi watu waliowafahamu, ambao ndio waliokuwa wakifuatilia habari kwa makini na kuzieleza kwa wenzao. Mwaka 1955 Elihu Katz na Lazarsfeld waliiendeleza hoja hiyo wakionyesha kwamba habari husafiri kwa hatua mbili: kutoka chombo cha habari hadi kwa kiongozi wa maoni, na kutoka kwa kiongozi huyo hadi kwa majirani zake.

Mwaka uliofuata, yaani 1956, Donald Horton na Richard Wohl waliandika juu ya jambo jingine. Walieleza kwamba mtazamaji wa televisheni huweza kujihisi yu rafiki wa mtangazaji anayemwona kila siku, hali mtangazaji hamjui hata kwa jina. Ukaribu huo ni wa upande mmoja.

Mshawishi wa mitandaoni ameyaunganisha mambo haya mawili. Huzungumza kama jirani, akiwa jikoni kwake au chumbani kwake, na papo hapo anatazamwa na maelfu ya watu asiowajua. Kutokana na muungano huo anapata nguvu ambayo tangazo la kawaida la redioni halina. Kwa sababu hiyo pia, ni rahisi kwa msikilizaji kusahau kwamba huenda anasikiliza tangazo.

2. Umbo na maana ya neno

Kwa upande wa umbo, neno "mshawishi" halina kasoro. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu huunda jina la mtendaji kwa kuongezewa kiambishi awali tu: kusafiri hutupa msafiri, kuhubiri hutupa mhubiri, kufasiri hutupa mfasiri. Vivyo hivyo kushawishi hutupa mshawishi, na hakuna haja ya kusema "mshawishaji" kama wanavyoandika baadhi ya watu. Wingi wake ni washawishi. Wale wanaoandika "vishawishi" kwa maana ya watu hawa wanachanganya mtu na jambo, kwani kishawishi ni kile kinachovuta, aghalabu kuelekea ubaya.

Hapo ndipo tatizo la maana linapoanza. Katika mafundisho ya dini kishawishi ni jambo linalomvuta mtu dhambini. Katika mashauri ya rushwa, kumshawishi mtumishi wa umma ni hatua ya kumpotosha. Katika habari za bunge na mikutano ya kimataifa, ushawishi ni kazi ya kuwaendea wakubwa ili wapitishe jambo fulani. Kwa hiyo neno lina uzito wa kutiliwa shaka hata kabla mtu mwenyewe hajatenda lolote. Mwanamke anayefundisha mapishi ya pilau mtandaoni hana sababu ya kubebeshwa uzito huo.

Je, liko neno lililo bora zaidi? Wengine wamefikiria "mwathiri", kutokana na kuathiri. Lakini katika matumizi ya kila siku kuathiri kumeelekea upande wa madhara: ukame huathiri mazao, maradhi huathiri mapafu. Wengine wamependelea "mwenye mvuto". Maneno hayo yanafaa kuusifu uso wa mtu au tabia yake, lakini hayaonyeshi kazi. Maoni yetu ni kwamba "mshawishi" libaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa wananchi wamekwisha lipokea, na ni vigumu kulirudisha neno lililokwisha kuzoeleka. Hata hivyo jina la jumla lisitumike pale ambapo kazi mahususi inajulikana. Mtu akiugua humwendea mganga, mkunga au mfamasia kwa jina la kazi yake, ingawa wote ni watoa huduma za afya.

3. Mgawanyo kwa idadi

Wafanyabiashara wa matangazo huwagawanya washawishi kwa idadi ya wafuasi. Mipaka hutofautiana, lakini mgawanyo uliozoeleka una makundi manne: wenye wafuasi kati ya 1,000 na 10,000, kati ya 10,000 na 100,000, kati ya 100,000 na 1,000,000, na wale wanaozidi milioni moja. Makundi hayo huitwa kwa viambishi vya vipimo, yaani nano, maikro, makro na mega. Katika Kiswahili yatosha kusema washawishi wadogo kabisa, wadogo, wakubwa na wakubwa sana, na kutaja idadi pale inapohitajika.

Kila kundi lina cha kutoa. Mkubwa sana hutoa kujulikana: bidhaa huonwa na umati katika siku moja. Mdogo kabisa hutoa imani: huwajibu watu mmoja mmoja, na wengi wa wafuasi wake wanamfahamu, pengine wanaishi naye mji mmoja. Ndiyo maana kampuni nyingine huona afadhali kuwatumia wadogo hamsini kuliko mkubwa mmoja. Lakini mgawanyo huu ni wa manufaa kwa mwenye bidhaa. Mwananchi anayetazama haupati msaada wowote kwa kujua kwamba anayemsikiliza ni maikro au makro. Kwake yeye maswali ni mawili: mtu huyu ananipa nini, na nani anamlipa?

Hapa yafaa tuseme neno juu ya "mfuasi". Katika lugha yetu mfuasi ni mtu aliyeamini, kama vile mfuasi wa nabii au wa chama. Mtandaoni mtu huitwa mfuasi kwa kubonyeza kitufe mara moja tu, na huenda akawa anamfuatilia msemaji ili ampinge. Katika mazungumzo ya kawaida neno hilo limekwisha kukita mizizi. Katika taarifa rasmi na takwimu, hata hivyo, tunaona kwamba "mfuatiliaji" lingekuwa sahihi zaidi, maana halidai kwamba mtu ameamini.

4. Aina kwa huduma zinazotolewa

(a) Mburudishaji. Huyu hutoa furaha: vichekesho, ngoma, nyimbo na maigizo mafupi. Kijana wa Kimaasai wa Tanzania, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walipata umaarufu mkubwa nchini India kwa video za kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa heshima kijana huyo. Mburudishaji haombi kuaminiwa katika jambo lolote, na kwa hiyo hatari yake ni ndogo mpaka siku atakapoanza kusifu bidhaa.

(b) Mwelekezi. Huyu hutoa ujuzi: jinsi ya kushona gauni, kufuga kuku, kutengeneza simu au kukokotoa hesabu za kidato cha nne. Kazi yake yaweza kupimwa, kwa sababu mtazamaji akifuata maelekezo ataona mwenyewe kama gauni limekaa. Maneno "mwalimu" na "mkufunzi" tungeyaacha kwa wenye taaluma hiyo.

(c) Mshauri. Huyu hutoa nasaha juu ya afya, fedha, ndoa au malezi. Tofauti yake na mwelekezi ni kwamba matokeo ya ushauri hayaonekani upesi, na kosa lake huweza kugharimu uhai. Nchini Australia mwanamke aitwaye Belle Gibson alijipatia wafuatiliaji wengi kwa kudai kwamba aliugua saratani ya ubongo na akaishinda kwa chakula na tiba za asili. Mwaka 2015 alikiri kwamba hakuwa na saratani, na mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Mfasiri akikuta mtu wa namna hii, asimwite mtaalamu ila pale ambapo taaluma yake imetajwa. Kwa anayewafunda watu mambo ya unyumba, lugha yetu inayo maneno "kungwi" na "somo", ambayo yamekwisha kuhamia mitandaoni bila msaada wa mtu yeyote.

(d) Mhakiki wa bidhaa. Huyu hutoa hukumu. Hununua au hupewa simu, gari, kitabu au chakula, akakitumia na kueleza uzuri na ubaya wake. Thamani yake yote imo katika uhuru wake. Asiyewahi kutaja kasoro hata moja amekwisha kutoka katika kundi hili, hata kama mwenyewe anaendelea kujiita mhakiki.

(e) Balozi wa bidhaa na dalali wa mtandaoni. Balozi wa bidhaa huwa na mkataba na kampuni na hulipwa kwa muda maalumu. Dalali hupewa namba ya punguzo au kiungo chake mwenyewe, naye hulipwa kwa kila mnunuzi anayepitia hapo. Neno "dalali" ni la kale pwani, na kila mtu anajua kwamba dalali ana fungu lake katika bei ya nyumba anayokuonyesha. Hatuoni sababu ya kutafuta neno jipya.

(f) Mpiga debe. Katika vituo vya mabasi mpiga debe huwaita abiria na kulipwa na wenye gari. Katika siasa kumpigia debe mgombea ni kumnadi. Neno hili lamfaa kabisa mtu anayelipwa kueneza hoja au jina la mtu mitandaoni. Mwaka 2021 shirika la Mozilla Foundation lilitoa taarifa ya uchunguzi kuhusu Kenya, iliyoonyesha jinsi watu walivyolipwa kueneza katika Twitter, mtandao ambao tangu 2023 unaitwa X, kampeni za kuwachafulia majina majaji na wanaharakati. Mwanaharakati hutetea jambo kwa imani yake. Mpiga debe hulitetea kwa ujira. Anayewaita wote washawishi amewavunjia heshima wa kwanza na kuwaficha wa pili. Vijana wa Tanzania wana neno lao, "chawa", kwa anayemsifu tajiri au kiongozi bila kukoma ili apate riziki kwake. Ni neno la kejeli lisilofaa barua ya ofisi, lakini mwalimu asilidharau. Linaonyesha kwamba wananchi wamekwisha kuitambua tofauti tunayoizungumzia.

(g) Mshawishi wa kubuni. Huyu si mtu. Lil Miquela, aliyeanza kuonekana katika Instagram mwaka 2016, ni msichana aliyechorwa kwa kompyuta na kampuni ya Marekani, na amewahi kutumiwa kutangaza mavazi. Hutoa sura bila mwili: hajavaa nguo anayoisifu wala hajaonja chakula. Neno "kubuni" ni la lazima katika jina lake.

5. Maneno ya malipo

Mtu mmoja aweza kuwa mwelekezi asubuhi na dalali jioni. Kwa hiyo jina la mtu halitoshi. Hapana budi malipo nayo yatajwe. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kwa miaka mingi vipindi vya redio na televisheni vimeletwa "kwa hisani ya" kampuni fulani. Hisani ni wema usiodai malipo. Mtu anayepokea fedha ili asifu sabuni, kisha akaandika "kwa hisani ya" mwenye sabuni, amelisema jambo kinyume chake. Vilevile "kwa kushirikiana na" huficha zaidi kuliko linavyoonyesha, kwa maana mkulima hushirikiana na jirani yake bila ya mmoja kumlipa mwenziwe. Tungependelea maneno matatu yaliyo wazi: "tangazo la kulipiwa" pale palipo na ujira, "bidhaa niliyopewa" pale palipo na zawadi, na "napata fungu kwa kila mauzo" pale palipo na udalali.

Hata neno "tangazo" peke yake huenda lisitoshe. Mwezi Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa tume inayosimamia masoko ya dhamana nchini Marekani, bila kukiri wala kukanusha kosa. Mwaka 2021 alikuwa ameitangaza sarafu ya kidijitali iitwayo EthereumMax. Alama ya tangazo aliiweka. Alichoacha kusema ni kwamba alilipwa dola 250,000, na sheria ya dhamana ya nchi hiyo ilidai kiasi kitajwe.

6. Jinsi sheria zinavyotaja

Watunga sheria wa nchi mbalimbali wameliona tatizo hili. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 9 Juni 2023 ambamo kazi ya ushawishi wa kibiashara ilielezwa rasmi. Ufafanuzi huo ulikuwa na mambo matatu: kuwapo malipo au manufaa mengine, mtu kutumia umaarufu wake mbele ya hadhira yake, na kusudi la kukuza bidhaa, huduma au jambo fulani kwa njia ya kielektroniki. Idadi ya wafuasi haikutajwa. Sheria hiyo ilikataza pia kunadi upasuaji wa urembo, na ilitaka picha zilizorekebishwa zitajwe kuwa zimerekebishwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali. Kilichotajwa hapo ni malipo, wala si umaarufu wa mtu. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, na zile za mwaka 2020 zilizochukua nafasi yake, zilijengwa juu ya dhana ya mtoa huduma ya maudhui, ambayo ni pana kuliko ushawishi. Mtumishi anayefasiri au kufafanua kanuni za namna hii asiweke "mshawishi" mahali palipoandikwa "mtoa huduma ya maudhui", kwani atakuwa amebadili watu wanaohusika.

7. Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, "mshawishi wa mitandaoni", wingi "washawishi wa mitandaoni", liwe jina la jumla tu, na maumbo "mshawishaji" na "vishawishi" yaachwe.

Pili, pale kazi inapojulikana, litumike jina la kazi: mburudishaji, mwelekezi, mshauri, mhakiki wa bidhaa, balozi wa bidhaa, dalali wa mtandaoni, mpiga debe, mwanaharakati, au mshawishi wa kubuni.

Tatu, katika takwimu na nyaraka rasmi litumike "mfuatiliaji" badala ya "mfuasi".

Nne, "kwa hisani ya" lisitumike mahali palipo na malipo.

Tano, katika tafsiri za sheria na kanuni, mfasiri afuate dhana iliyotajwa na mtunga sheria hata kama neno la mitaani linamjia kwa urahisi zaidi.

Walimu wanaweza kulifanyia jambo hili somo zuri darasani. Wanafunzi waandike majina ya kurasa tano wanazozitazama, waeleze kila ukurasa unatoa nini na unalipwa na nani, kisha wachague jina la kazi. Watagundua upesi kwamba swali la pili ni gumu zaidi kuliko la kwanza, na kwamba ugumu huo mara nyingi umetengenezwa kwa makusudi.

Tunawaomba wasomaji wetu wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao, hasa wale wa Kenya, Uganda na Kongo ambako huenda yapo maneno mengine yaliyokwisha kuzoeleka. Neno litakaloshinda ni lile litakalomwezesha mnunuzi wa sokoni kujua, kabla hajatoa fedha yake, kama anayezungumza naye ni jirani au ni dalali.